Barua ya Wazi: Mizizi ya Uzalendo wa Waislamu wa Tanganyika Iingizwe Darasani

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Elimu Tanzania,
Kwa Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia nikiwa mwalimu mstaafu niliyefundisha Historia katika shule za sekondari kwa miaka 31. Ninaandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe ni la umma, na kwa sababu ya wakati tulio nao. Maadamu Historia ya Tanzania na Maadili limekuwa somo la lazima kwa vijana wa sekondari, chochote kitakachoachwa nje ya kitabu cha somo hilo kitakuwa kimeachwa nje ya kumbukumbu ya kizazi kizima.

Ombi langu ni kwamba historia ya namna Waislamu wa Tanganyika walivyoamka kisiasa chini ya Wajerumani na baadaye Waingereza ifundishwe waziwazi, pamoja na mabishano yake yote, na kwamba nyaraka zake zilizobaki majumbani zikusanywe kabla mchwa hawajazimaliza.

Nitaeleza kilichonisukuma kushika kalamu. Miaka miwili iliyopita, baada ya arubaini ya bibi mmoja wa mtaani kwetu Kariakoo, wajukuu zake walianza kuhamisha vitu ili nyumba ivunjwe na kupisha ghorofa. Waliniita kwa kuwa wananijua kuwa mtu wa vitabu, wakanikabidhi sanduku la bati. Ndani yake, chini ya kanga mbili na chupa ya marashi iliyokauka, mlikuwa na kadi ya TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, na daftari lenye jalada la kitambaa. Daftari lile lilikuwa la michango ya ujenzi wa shule, na limeandikwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu, mkono wa mtu aliyesoma chuo cha Qur'ani barabara. Kila mstari una jina, kazi na kiasi: fundi mwashi shilingi mbili, mchukuzi wa bandarini shilingi moja, mama muuza vitumbua thumuni. Nililipeleka katika ofisi moja ya umma nikiamini kuwa litapokelewa kwa furaha. Ofisa alilifungua, akaona hati zile, akalifunga na kunirudishia akisema, "Mzee, haya ni mambo ya dini, yapeleke msikitini."

Sikumlaumu kijana yule, wala simlaumu leo. Alisoma vitabu vilevile nilivyofundishia mimi, na katika vitabu hivyo hakuna mahali palipomwambia kuwa daftari la namna ile ni waraka wa siasa za kudai uhuru. Hilo ndilo kosa ninaloomba lirekebishwe.

Natambua kuwa maneno "uzalendo wa Waislamu" huwatia hofu baadhi ya viongozi wetu, kwa kuwa akili hukimbilia haraka Bara Hindi, ambako chama cha Muslim League kilichoanzishwa Dhaka mwaka 1906 kiliishia kudai nchi ya Waislamu, na mwaka 1947 Pakistan ikazaliwa kwa damu nyingi. Lakini Tanganyika mambo yalikwenda kinyume kabisa. Hapa Waislamu walioonewa kwa sababu ya dini yao walijenga taasisi zao wenyewe, kisha wakazitumia kudai nchi ya watu wote, na kiongozi waliyemuunga mkono alikuwa Mkatoliki. Sielewi kwa nini historia ya namna hiyo ifichwe na taifa ambalo linajivunia umoja wake.

Mwanzo wake uko Pangani, Agosti 1888. Emil von Zelewski, wakala wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, alidharau bendera ya Sultani wa Zanzibar na kupandisha ya kampuni yake, na katika siku zile za Idi ya kuchinja Wajerumani waliingia msikitini wakiwa na mbwa. Vita vilivyofuata, chini ya Bushiri bin Salim na Bwana Heri wa Saadani, vilikuwa na sababu nyingi: ushuru, biashara ya misafara, ardhi, biashara ya watumwa, heshima ya majumbe, yaani wakuu wa miji ya pwani. Atakayesema vilikuwa vita vya dini tu atakuwa anadanganya, na atakayeifuta dini kabisa atakuwa anadanganya vilevile, kwa sababu tusi la msikitini lililikusanya pwani yote kuliko hesabu za ushuru. Bushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Miaka sita baadaye, Kilwa, alinyongwa Hassan bin Omari Makunganya, kiongozi mwingine aliyewapinga Wajerumani.

Ili kumvunja Bushiri, Hermann Wissmann alileta askari wa kukodi, Wanubi kutoka upande wa Misri na Sudan, na wengine waliotoka Msumbiji. Miongoni mwa hao wa Msumbiji, kutoka Inhambane, alikuwamo Sykes Mbuwane, ambaye mtoto wake Kleist alizaliwa hapo hapo Pangani mwaka 1894. Naomba mlishike jina hilo la Kleist Sykes, maana mtoto wa askari aliyeletwa kuizima pwani ndiye aliyekuja kuwa mmoja wa wajenzi wakuu wa siasa za Waafrika mjini Dar es Salaam. Kwa miaka mingi nimewasimulia wanafunzi habari hii, na kila mara darasa lilinyamaza.

Baada ya kushinda, Wajerumani walitawala kwa kuwatumia Waislamu wa pwani kama maakida, yaani wasimamizi wa maeneo walioteuliwa na serikali, makarani na walimu, kwa kuwa ndio waliojua kusoma, kuandika na kukitumia Kiswahili kutoka pwani hadi Ujiji. Shule ya serikali ya Tanga haikufundisha dini, kwa hiyo wazazi wa Kiislamu hawakuogopa kupeleka watoto. Wamisionari walilalamika kwamba serikali inaueneza Uislamu. Wakati huohuo utawala wenyewe uliuogopa Uislamu huohuo. Mwaka 1908, miaka michache tu baada ya Maji Maji, ilisambaa Lindi na miji mingine barua iliyodaiwa kutoka Makka, ikiwataka Waislamu watubu na wajitenge na makafiri, na maofisa wa Kijerumani wakaanza kuwasaka walioisoma na kuinakili.

Maji Maji yenyewe, iliyoanza Julai 1905 katika milima ya Umatumbi, haikuwa jihadi, na sitaki mtu anitafsiri vibaya. Ila katika kusini iliyoteketezwa kwa moto na njaa, ambako mizimu ya mababu ilionekana imeshindwa na dini ya mtawala haikutamanika, watu wengi waliingia katika Uislamu katika miaka iliyofuata, na mlango wao ulikuwa tarika, yaani jumuiya za Kisufi. Dhikri ya Qadiriyya, mojawapo ya tarika hizo, haikumuuliza mtu kabila wala nasaba. Mfano ulio wazi zaidi ni wa Sheikh Ramiya wa Bagamoyo. Aliletwa pwani kutoka Manyema, mashariki ya Kongo, akiwa mtoto mtumwa, akasoma, akawa khalifa wa Qadiriyya, na alipofariki mwaka 1931 waungwana na wajukuu wa watumwa walikuwa wafuasi wake sawasawa. Mwanawe, Sheikh Mohamed Ramiya, ndiye aliyekuja kuipa TANU mizizi Bagamoyo. Watu waliokwisha kuzoea kusimama safu moja, Mmanyema, Mzaramo, Mnyamwezi na Mnubi, hawakuhitaji mhadhara mrefu kuelewa maana ya umoja wa Waafrika.

Waingereza walipoichukua nchi, mambo mawili yalibadilika, na hapa naomba mtulie nami kidogo, kwa sababu ndipo ulipo moyo wa hoja yangu.

La kwanza ni utawala. Sheria ya mwaka 1926 chini ya Gavana Donald Cameron iliwaondoa maakida na kuweka mamlaka za wenyeji zilizojengwa juu ya makabila. Mtu wa mjini, Mwislamu mwenye Kiswahili chake na hati zake, ambaye jana alikuwa karani au akida, leo hakuwa na mahali, kwa kuwa serikali ilimjua Mwafrika kwa kabila na chifu wake tu. La pili, na zito zaidi, ni elimu. Tume ya Phelps-Stokes, iliyotumwa kutoka Marekani kuchunguza elimu ya Waafrika, ilipita nchini mwaka 1924 na kupendekeza serikali ishirikiane na misheni katika kusomesha, na tangu sheria ya elimu ya mwaka 1927 ruzuku ya serikali ilikwenda kwa shule zilizotimiza masharti yake. Vyuo vya Qur'ani, vilivyokuwa vimefundisha kusoma na kuandika kwa karne nyingi, havikutimiza. Mzazi wa Kiislamu alibaki na uchaguzi mchungu: amwache mwanawe bila elimu ya kumpatia kazi, au ampeleke misheni ambako alijua kuwa huenda akarudi na jina jingine. Wapo waliopeleka, na wapo waliokataa. Tofauti ya elimu iliyotokana na hapo haikuja kwa sababu Waislamu walichukia kusoma, kama nilivyowahi kuwasikia hata walimu wenzangu wakisema. Ililetwa na mfumo wa fedha za umma.

Katika tume ile ya mwaka 1924 alikuwamo Dk. Aggrey wa Gold Coast, Ghana ya leo. Kleist Sykes alikutana naye Dar es Salaam, na kwa maelezo ya Kleist mwenyewe, Aggrey ndiye aliyemhimiza Waafrika waanzishe chama chao. Mwaka 1929 African Association ikaanzishwa, rais wake akiwa Cecil Matola, Mkristo na mwalimu, na Kleist akiwa katibu. Mwaka 1933 kikafuata chama cha Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, na humo tena yumo Kleist, pamoja na Mzee bin Sudi na wengine waliokuwa pia katika African Association. Chama cha kwanza kilidai haki za Mwafrika mbele ya serikali. Cha pili kilikusanya michango na kujenga shule ambayo mtoto wa Kiislamu angeweza kusoma hesabu na Kiingereza bila kuacha dini yake. Watu walewale walitoka kikao cha kimoja wakaenda kikao cha kingine, na kwao hapakuwa na mgongano wowote, kwa kuwa dhuluma waliyoipinga ilikuwa moja.

Sasa mnaelewa kwa nini daftari la bibi yule si jambo la kupeleka msikitini. Mama muuza vitumbua aliyetoa thumuni alikuwa anafanya siasa, hata kama hakuiita hivyo. Alikuwa anakataa kwa fedha yake mpango wa serikali wa kumwacha mwanawe nyuma, na alijifunza humo mambo yote ambayo chama cha ukombozi kingeyahitaji baadaye, yaani kuitisha mkutano, kutunza hesabu, kumwamini mweka hazina, na kukaa pamoja na mtu wa kabila jingine kwa ajili ya jambo lisilo la kabila.

Majirani zetu walikuwa na mwamko wao. Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alichapisha gazeti lake la Al-Islah kuanzia mwaka 1932, akiwahimiza Waislamu wa pwani wajirekebishe na kujielimisha. Huko harakati zilichukua baadaye njia ya kudai mamlaka ya Mwambao, yaani ukanda wa pwani ya Kenya, na hilo lina historia yake. Nalitaja tu ili ionekane kwamba njia ya Tanganyika haikuwa ya lazima. Ilichaguliwa na watu.

Walioichagua wanafahamika. Mwaka 1950 TAA, mrithi wa African Association, ilikuwa na Dk. Vedasto Kyaruzi kama rais na Abdulwahid Sykes, mtoto wa Kleist aliyerudi kutoka vita vya Burma, kama katibu. Waliunda kamati ndogo ya siasa iliyoandaa mapendekezo ya katiba kwa Gavana Edward Twining, na humo alikaa Sheikh Hassan bin Ameir, mwanachuoni mkubwa kutoka Zanzibar, pamoja na Wakristo kama John Rupia na Stephen Mhando. Mwaka 1953 Julius Nyerere alichaguliwa rais wa TAA na Abdulwahid akawa makamu wake. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa katika ofisi ya mtaa wa New Street, ambao leo ni Lumumba. Mwaka 1955 Nyerere alipoacha ualimu Pugu, nyumba iliyompokea mjini ilikuwa ya Abdulwahid. Bibi Titi Mohamed, aliyeishia darasa la nne, aliingiza wanawake katika TANU kwa maelfu kupitia vikundi vya ngoma na lelemama alivyovijua tangu ujana wake. Mitandao hiyo ya mitaani ndiyo iliyoibeba TANU katika miji, na ilikuwapo kabla ya TANU.

Ninaposema historia hii ifundishwe pamoja na mabishano yake, namaanisha pia yale yasiyopendeza. Mashado Plantan, mwenye gazeti la Zuhra, alianzisha chama cha Waislamu cha AMNUT (All Muslim National Union of Tanganyika), ambacho mwishoni mwa miaka ya 1950 kiliomba uhuru ucheleweshwe mpaka Waislamu wapate elimu ya kuwalinganisha na wenzao. Malalamiko yake kuhusu elimu yalikuwa ya kweli. Dawa aliyoipendekeza ilikataliwa, na waliosimama mbele kuikataa walikuwa masheikh na Waislamu wa TANU wenyewe. Yupo pia Sheikh Suleiman Takadir, mwenyekiti wa Baraza la Wazee wa TANU, ambaye watu walimwita Makarios kwa jina la askofu aliyepigania uhuru wa Saiprasi. Alihoji hadharani nafasi ya Waislamu itakuwa ipi baada ya uhuru, na mwaka 1958 akafukuzwa chamani. Mwaka huohuo, mkutano wa Tabora ulikuwa umekubali kuingia katika kura tatu, uchaguzi ambao kila mpiga kura alichagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia, na wenye masharti ya elimu, kipato au cheo, na si vigumu kuona kwa nini mzee aliyewajua watu wake wasio na vyeti aliuliza swali lile. Mwanafunzi wa kidato cha tatu ana uwezo wa kulipima. Nimewahi kulijadili darasani na Waislamu na Wakristo wakiwa dawati moja, wakabishana kwa adabu hadi kengele ikalia. Ugomvi niliuona nje ya darasa, kwa watu wazima waliosikia habari nusunusu kwa sababu shule haikuwapa habari nzima.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Waziri na Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Elimu, naomba mada ya chimbuko la uzalendo ipanuliwe. Elimu ya kikoloni ielezwe pamoja na athari zake kwa Waislamu, Al Jamiatul Islamiyya iwekwe kando ya African Association mahali inapostahili, na majina ya Kleist na Abdulwahid Sykes, Sheikh Hassan bin Ameir, Sheikh Takadir na Bibi Titi yaelezwe kwa kazi walizofanya badala ya kutajwa tu. Vijana wanapita kila siku katika Mtaa wa Kleist Sykes, uliokuwa Kipata, na wengi hawajui kama Kleist ni mtu au duka. Mwongozo wa mwalimu nao uandikwe kwa uangalifu, ili asiyejiamini katika mada hii asiiruke, maana najua kwa uzoefu wangu kwamba mada inayotisha ndiyo ya kwanza kurukwa.

Kwako Mkurugenzi wa Nyaraka, ombi langu ni la haraka zaidi. Idara yako imetunza mafaili ya Wajerumani na Waingereza, na kwa hilo tunakushukuru, lakini mafaili hayo ni sauti ya mtawala. Sauti ya mtawaliwa imo katika masanduku ya bati ya Kariakoo, Gerezani, Bagamoyo, Tanga, Kilwa, Lindi, Tabora na Ujiji, na sehemu kubwa imeandikwa kwa hati za Kiarabu. Kleist Sykes anafahamika leo kwa sababu ukoo wake ulihifadhi kumbukumbu zake na mjukuu wake akaziandika. Wengine hawakuwa na mjukuu wa namna hiyo. Naomba iundwe timu ndogo yenye wasomaji wa hati hizo, ambao wapo wengi Zanzibar na hata misikitini hapa Dar es Salaam, ipite nyumba kwa nyumba, ipige picha kila karatasi na kuwaachia wenyewe asili yake kama hawako tayari kuitoa. Ichukue pia sauti za wazee. Aliyekuwa na miaka 20 siku TANU inaanzishwa sasa amepita 90.

Daftari ninalo bado, nimelifunga katika kitambaa safi na kuweka majani ya mwarobaini kando yake. Nimekwisha kunakili kurasa 46 kwa herufi za Kirumi, na zimebaki kama 20, ambazo macho yangu yanazisoma polepole. Ukiniteulia siku na ofisa wa kulipokea, nitalileta mwenyewe, na nitakaa naye nimsomee jina moja baada ya jingine mpaka mwisho.

Wenu katika utumishi,
Mwalimu mstaafu wa Historia,
Kariakoo, Dar es Salaam.